Pigo kwa Fremu: Hesabu Iliyofundisha Katuni Kucheza Muziki

Wilfred Jackson hakuwa mwanamuziki. Alipoingia katika studio ya Walt Disney huko Los Angeles mwaka 1928 alikuwa kijana wa miaka 22 aliyejua kupuliza harmonika kidogo, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kufuta wino kwenye karatasi za plastiki zilizokwisha kutumika ili zichorewe tena. Lakini mama yake alikuwa mwalimu wa piano. Kwa sababu hiyo Jackson alikuwa na kifaa ambacho wachoraji wenzake hawakuwa na habari nacho: metronomu, ile saa ya mbao yenye mkono unaocheza huku na huku ukihesabu mapigo.

Mwaka huo sinema za Marekani zilikuwa zimeanza kusema na kuimba, na Disney alitaka panya wake mpya, Mickey Mouse, asiachwe nyuma. Tatizo lilikuwa hili. Mchoraji anachora picha moja moja mezani, kimya kimya, na kitendo cha sekunde chache kinaweza kumla wiki nzima. Okestra inapiga mara moja, tena miezi kadhaa baadaye. Je, mchoraji atajuaje kwamba mguu wa panya utagusa sakafu wakati ngoma inapolia?

Jibu la Jackson lilikuwa hesabu ya mtoto wa shule. Zama za sinema bubu, mkanda ulikimbia kwa kasi aliyoipenda mwendesha projekta, na kila jumba lilikuwa na mwendo wake. Sauti ilipokuja, ubabaishaji huo ulikwisha, kwa sababu mkanda ukienda upesi sauti inakuwa nyembamba na ukienda polepole inakuwa nzito. Kasi ikafungwa kwenye futi 90 kwa dakika, yaani fremu 24 kwa sekunde. Jackson akaona kwamba kama fremu ni 24 kila sekunde bila kubadilika, na metronomu nayo haibadiliki, basi kila pigo la muziki lina idadi yake ya fremu. Mapigo 120 kwa dakika ni mawili kwa sekunde, na kila pigo ni fremu 12. Ukitaka mwendo wa polepole wa mapigo 90, kila pigo linachukua fremu 16. Wimbo wa mbio wa mapigo 180 unachukua 8. Anayetaka kanuni agawanye 1440 kwa fremu za pigo moja, atapata mwendo wa muziki.

Akachukua karatasi, akachora visanduku vya mapigo kwa mpangilio wa wimbo, na juu ya kila kisanduku ikaandikwa kitakachotendeka: hapa panya anapiga mluzi, hapa mbuzi anazungushwa mkia kama kinanda. Kwa karatasi hiyo ikatengenezwa katuni ya Mickey, Steamboat Willie. Kabla haijakamilika, Disney aliijaribu usiku mmoja mbele ya wake na wachumba wa wafanyakazi. Shuka lilitundikwa, Roy, kaka yake Walt, akaendesha projekta akiwa nje ya dirisha ili kelele zake zisisikike, Jackson akashika harmonika, na wengine wakapuliza filimbi na kugonga vyombo wakifuata karatasi. Iliwezekana.

Okestra halisi ilikuwa shughuli nyingine. Huko New York, mwezi Septemba, kiongozi wa okestra Carl Edouarde hakuweza, au hakutaka, kufuata alama zilizowekwa, na kipindi cha kwanza cha kurekodi kikaharibika pamoja na fedha zake. Disney aliuza gari lake ili kulipia cha pili. Safari hii mkanda ulichapwa mpira mdogo uliodunda kwa kila pigo, na kiongozi akaambiwa aufuate huo. Tarehe 18 Novemba 1928 filamu ikaonyeshwa katika jumba la Colony, New York.

Haikuwa katuni ya kwanza yenye sauti, ingawa wengi husema hivyo. Ndugu Max na Dave Fleischer walikuwa wakitoa katuni za kuimba pamoja na watazamaji tangu 1924, baadhi yake zikiwa na sauti kwenye mkanda wenyewe, na ni wao waliotangulia kutumia mpira wa kudunda, juu ya maneno ya wimbo. Paul Terry naye alitoa Dinner Time mwaka huohuo wa 1928, akimtangulia Disney. Lakini muziki wake ulipakwa juu ya picha zilizokwisha kuchorwa. Kilichokuwa kipya kwa Disney ni kwamba mdundo ulikuwamo ndani ya michoro kabla mwanamuziki yeyote hajaketi.

Baada ya hapo ukazuka ugomvi wa nani amfuate nani.

Carl Stalling, mpiga kinanda wa majumba ya sinema huko Kansas City, aliitwa na Disney kuwatungia muziki. Disney alitaka muziki ufuate vitendo: panya akianguka, tarumbeta ianguke naye. Stalling aliona vitendo ndivyo vifuate muziki, kwani wimbo una sentensi zake na ukiukata katikati unakufa. Walipatana kwa namna ambayo waajiri na waajiriwa wachache huiweza. Katuni za Mickey zingebaki kwa matakwa ya Disney, na ungeanzishwa mfululizo mwingine ambamo muziki ungetangulia. Ndivyo zilivyozaliwa Silly Symphonies, na ya kwanza yake, The Skeleton Dance ya mwaka 1929, ina mifupa inayocheza makaburini, sehemu kubwa ikiwa imechorwa na Ub Iwerks. Ukiitazama leo, hadithi haimo kabisa. Kuna mapigo tu, na mifupa inayoyatii.

Stalling ndiye pia aliyemwondolea mpiga ala mzigo wa kufukuzana na mpira. Baadaye alisimulia kwamba walirekodi milio ya “tiki” kwa mwendo mbalimbali, tiki moja kila fremu 8, au 10, au 12, kisha wakaipeleka kwenye sikio la kila mwanamuziki kwa kisikilizio kimoja. Sikio la pili lilibaki wazi ili amsikie jirani yake. Mbinu hiyo haijatoka studioni hadi leo, na wasanii wengi wanaorekodi huku wakisikia tiki masikioni hawajui kwamba ilikulia kwenye katuni.

Kufikia miaka ya 1930 karatasi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mapigo, iliyojazwa na mwongozaji akiwa pamoja na mtunzi wa muziki. Kwa Disney chumba cha mwongozaji kiliitwa kabisa chumba cha muziki, na piano ilikaa humo. Ya pili ilikuwa jedwali refu la fremu alilopewa mchoraji: kila mstari fremu moja, safu moja ya maneno na sauti, safu nyingine za matabaka ya michoro, na ya mwisho ya maelekezo ya kamera. Pigo liliwekewa alama kwenye mstari wake. Kwa kuwa mchoro mmoja hupigwa picha kwa fremu mbili mara nyingi, pigo la fremu 12 lilimpa mchoraji michoro sita ya kuinua mguu na kuushusha. Wengi waliushusha fremu moja au mbili kabla ya sauti yenyewe. Macho yamezoea kutangulia masikio, na mguu unaogusa chini sawasawa na mlio huonekana umechelewa.

Aliyeipenda karatasi ya mapigo kuliko wote pengine ni Friz Freleng wa Warner Bros. Katika Rhapsody in Rivets ya 1941, mafundi wa ujenzi wanajenga ghorofa kwa kufuata muziki wa Liszt, na msimamizi wao anaongoza nyundo na misumari kama okestra. Kiini chake chote ni mpangilio wa wakati. Mwaka 1946 alirudi kwa Liszt huyohuyo na Rhapsody Rabbit, sungura akipiga Hungarian Rhapsody namba 2 kwenye piano. Muda mfupi baadaye studio ya MGM ikaleta The Cat Concerto: paka Tom kwenye piano, panya Jerry ndani ya piano, muziki uleule. Kila upande uliushuku mwingine kwa wizi, na Oscar ikaenda kwa paka. Suala hilo linajadiliwa mpaka leo, na mwenye kutaka kuamua azitazame zote mbili bila sauti kwanza. Mdundo bado unaonekana.

Si kila sauti ilipitia kwenye jedwali kwanza. Katika katuni za Popeye za akina Fleischer, maneno mengi yalirekodiwa baada ya michoro kukamilika, ndiyo maana baharia yule hunung'unika huku mdomo haufunguki. Huko Kanada, Norman McLaren alikwenda mbali zaidi akachora sauti yenyewe pembeni mwa mkanda. Katika Synchromy ya 1971 michoro iliyotoa sauti ndiyo hiyohiyo inayoonekana kwenye pazia. Picha na sauti haziwezi kupishana, maana ni kitu kimoja.

Televisheni ndiyo iliyolipunguzia jedwali hadhi. Hanna na Barbera, waundaji wa Tom na Jerry, walipoanza kutengeneza vipindi vya bei nafuu mwaka 1957, muziki ulichukuliwa zaidi kwenye akiba iliyorekodiwa tayari, na safu iliyotazamwa sana ikawa ile ya midomo. Inashangaza kidogo, kwa sababu William Hanna mwenyewe ndiye aliyekuwa akipanga wakati wa Tom na Jerry kwa karatasi za mapigo.

Televisheni ilileta pia namba nyingine. Nchi zilizofuata mfumo wa PAL, Kenya na Tanzania zikiwamo, zilirusha fremu 25 kwa sekunde. Filamu ya fremu 24 mara nyingi iliharakishwa tu ili ienee, kwa takriban asilimia 4. Picha na muziki viliharakishwa pamoja, kwa hiyo miguu haikupotea, lakini wimbo wa mapigo 120 ulisikika kwa 125, na sauti ikapanda kiasi cha kukaribia nusu toni. Marekani nako fremu 24 zikawa 23.976 kwa ajili ya televisheni ya rangi. Sauti isiporekebishwa, tofauti hiyo ni sekunde 3.6 kwa saa.

Kompyuta ilipoingia, ungetarajia karatasi itupwe. Programu ya Toonz, iliyotoka Italia mwaka 1993 na kutumiwa na Studio Ghibli katika Princess Mononoke, ililiweka jedwali lilelile kwenye skrini, likishuka kutoka juu kwenda chini, fremu kwa fremu. Toleo lake la bure, OpenToonz, lilitolewa mwaka 2016 na bado lina umbo hilo. Mawimbi ya sauti sasa yanachorwa ndani ya safu, na mchoraji anaona pigo lilipo badala ya kulihesabu.

Programu ya Flash ililaza jedwali likawa mstari wa kushoto kwenda kulia, na ikafufua ugonjwa uliodhaniwa umepona. Sauti ingeweza kuwekwa kwa namna mbili. Katika ya kwanza, wimbo ulianza na kujiendea wenyewe, na kompyuta dhaifu ikiburuta picha nyuma yake. Katika ya pili, programu iliruka baadhi ya fremu ili kuufukuza wimbo. Aliyechagua vibaya alipata kikaragosi anayemaliza kucheza wakati wimbo umekwisha zamani.

Hesabu ya Jackson nayo ina shimo ambalo programu inalifunika tu. Alichagua mwendo unaogawanyika vizuri, na watunzi wa siku zile walikubali kutunga kwa fremu 12 au 13. Leo wimbo hurekodiwa kwanza, kwa mwendo anaoutaka msanii. Chukua mapigo 110 kwa dakika. Pigo moja linakuwa fremu 13 na sehemu moja ya kumi na moja, na hakuna anayeweza kuchora sehemu ya fremu. Ukiweka 13 kila pigo, baada ya dakika moja picha imetangulia wimbo kwa fremu 10, na baada ya dakika tatu ni zaidi ya sekunde nzima.

Dawa yake ni pigo moja katika kila mapigo 11 lipewe fremu 14. Mapigo kumi ya 13 na moja la 14 hufanya fremu 144, yaani sekunde 6 kamili, na hicho ndicho kipimo cha jedwali moja la karatasi katika studio za Japani. Ni pigo lipi lipewe fremu ya ziada, programu haijali. Mwongozaji mwenye sikio huiweka pale mchezaji anapokuwa hewani, ambapo hakuna mguu wa kugusa chini.