Viuatilifu Vilivyobaki Ghalani: Historia ya Mzigo Usio na Mwenyewe

Historia ya viuatilifu nchini Tanzania, yaani kemikali za kuua wadudu, magugu, kuvu na panya waharibifu wa mazao, kwa kawaida huelezwa kwa upande wa kuingia kwake: mrututu uliopuliziwa mibuni ya Kilimanjaro, DDT iliyotumika katika pamba ya Kanda ya Ziwa, na sumu zilizohifadhiwa kwa ajili ya nzige wekundu wa bonde la Rukwa. Upande wa masalio haukuandikiwa sana, ingawa ndio ulioacha madhara ya muda mrefu zaidi, na chanzo chake hakikuwa uzembe wa wakulima bali utaratibu wa ugavi ambao tangu mwanzo haukutenga fedha wala kumteua mtu wa kushughulikia kile ambacho kisingetumika.

Kiuatilifu huagizwa kwa makadirio, miezi mingi kabla ya kujulikana kama wadudu watazuka au la, na kwa kuwa aina nyingi hudumu takriban miaka 2 tu tangu kutengenezwa, mzigo uliochelewa bandarini au uliofika baada ya msimu huwa umekwisha kupoteza sehemu kubwa ya uhai wake kabla haujafunguliwa. Vyama vya ushirika, vilivyokuwa vikigawa pembejeo hizo, vilivunjwa mwaka 1976 na baadaye vikarejeshwa. Kisha biashara ya mazao na pembejeo ikafunguliwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1990. Katika kila badiliko, maghala yalihama mikono, lakini sumu iliyokuwa ndani haikupata mrithi. Mtunza ghala alibaki na ufunguo na leja bila mamlaka ya kufuta hata kopo moja la mali ya umma, huku mapipa yakiliwa na kutu, lebo zikififia, mifuko ya unga ikipasuka, na vimiminika vikichuruzika sakafuni hadi isijulikane tena kipi ni kipi.

Njia zilizotumika zamani kuondoa masalio hayo, yaani kuyafukia shimoni au kuyachoma hadharani, hazikuwa ukaidi wa watu wa vijijini, kwani hata wataalamu na watengenezaji waliwahi kuzishauri. Ubaya wake ulieleweka baadaye: DDT iliyofukiwa huweza kubaki udongoni kwa miongo kadhaa, na moto wa kawaida, usiofikia joto la kuvunja kemikali zenye klorini, huweza kuzalisha dayoksini, kundi la sumu kali kuliko nyingi zinazochomwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Vikuge, shamba la serikali la nyasi za malisho wilayani Kibaha, mkoani Pwani. Mwaka 1986 Tanzania ilipokea kutoka Ugiriki msaada wa viuatilifu tani zipatazo 170, ambavyo sehemu yake ilikuwa imekwisha muda wa matumizi, na shehena hiyo ikawekwa Vikuge katika banda la wazi lisilostahili kuhifadhi sumu. Banda hilo hatimaye liliporomoka, mvua zikapata njia, na DDT pamoja na HCH, kiuadudu kingine cha jamii hiyo ya klorini, zikaingia ardhini. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliochunguza udongo wa hapo miaka mingi baadaye walikuta masalio ya kemikali hizo kwa viwango vikubwa mno. Ni vigumu kuuita msaada mzigo ambao aliyeutoa alipunguziwa gharama ya kuuteketeza kwake na aliyeupokea akaachiwa udongo wenye sumu.

Mikataba ya kimataifa ilifuata polepole. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 uliweka masharti ya kusafirisha taka za hatari, ule wa Bamako wa 1991 ukapiga marufuku kuziingiza Afrika, na ule wa Stockholm wa 2001 ukalenga kemikali zinazodumu katika mazingira. Mwaka 2005 ulianza Mpango wa Afrika wa kuondoa shehena za viuatilifu chakavu, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi 7 za kwanza, wakati bara zima likikadiriwa kuwa na tani 50,000. Kazi yenyewe ni ya taratibu na ya hatari: kila ghala huorodheshwa, wafanyakazi waliovaa vinyago na mavazi ya kinga huhamishia sumu katika mapipa mapya, nchi zote za njiani huombwa idhini, na meli hupeleka mzigo kwenye tanuri maalumu, nyingi zikiwa Ulaya, ambamo joto huzidi nyuzi 1,100 za Selsiasi. Gharama yake hufikia maelfu ya dola kwa tani, wakati mwingine kupita bei iliyonunuliwa kemikali yenyewe.

Tanuri hizo hupokea kilichomo kwenye mapipa. Udongo uliokwisha kunywa sumu, kama ule wa Vikuge, ni mzigo mzito zaidi na wa ghali zaidi kuuondoa. Kwa sababu hiyo, mkataba wowote wa kununua au kupokea viuatilifu usiotaja atakayelipia uondoaji wa masalio haufai kutiwa saini.