Lukuga Ilipofunguka

Lubumbashi haina ufuo, na bahari iliyo karibu nayo iko zaidi ya kilomita 1,000. Ndiyo sababu habari za bahari kupanda husikilizwa hapa kama mambo ya watu wa Moanda au Zanzibar. Hata hivyo, reli ya SNCC, shirika lenye makao makuu mjini hapa, hufika Kalemie, na huko Ziwa Tanganyika limeandika historia yake kwenye mchanga: limesogea, likarudi, likasogea tena. Historia hiyo inafundisha kwamba ufuo ni mapatano ya muda tu kati ya mvua, jua na mlango wa kutokea maji. Hali ya hewa ikigeuka, mapatano huvunjika, na hasara humwangukia aliyeyadhani ya milele.

Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ilishika maji mengi ya dunia, na bahari ilikuwa chini ya usawa wa leo kwa takriban mita 120. Unguja ilikuwa imeungana na bara. Katika Pango la Kuumbi, kisiwani humo, wachimbuaji wamekuta mifupa ya punda milia, mnyama asiyeweza kuogelea mkondo wa Zanzibar. Enzi hiyohiyo Tanganyika nalo lilishuka kwa zaidi ya mita 200, lakini kwa sababu nyingine: mvua zilipungua. Vipimo vya mawimbi ya sauti vimeonyesha mabonde ya mito yaliyozama chini ya maji ya leo. Ziwa hili hupoteza maji yake mengi kwa mvuke, na mto mmoja tu, Lukuga, ndio unaoyatoa kwenda Lualaba. Mvua zikipungua kwa muda mrefu, ziwa hushuka chini ya kizingiti cha mto huo, na Lukuga hukauka.

Karne ya 19 ililionyesha jambo hilo waziwazi. Mpelelezi Cameron alifika Lukuga mwaka 1874 akaukuta mdomo wake umesongwa na majani. Mpelelezi mwenzake, Stanley, alipofika mwaka 1876 aliona mafunjo na tope, mkondo haupo, huku ziwa likipanda. Akatabiri kwamba karibuni lingefurika. Mnamo 1878 kizuizi kilivunjika, na mmisionari Hore alipokuja mwaka uliofuata akakuta maji yakienda kwa nguvu. Ndani ya miaka isiyozidi 20 ziwa lilishuka kwa takriban mita 10. Ujiji, walipokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871, ufuo ulikimbia mji. Albertville, Kalemie ya leo, ilianzishwa mwaka 1891, maji yakiwa bado yanarudi nyuma. Reli ikaifikia mwaka 1915. Mji ulizaliwa ziwa likiwa limeupa mgongo.

Atatokea wa kusema kwamba kilichovunjika ni tope, hali ya hewa haihusiki. Ni kweli tope lilifunga mlango, kama ilivyo kweli kwamba volkeno za Virunga ndizo zilizoyaelekeza maji ya Ziwa Kivu hadi Tanganyika kupitia mto Ruzizi. Lakini tope halijazi ziwa. Mlango huamua maji yatoke kwa kasi gani. Mvua huamua yatakuwa mengi kiasi gani. Mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962 zililipandisha ziwa hadi karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari mwaka 1964. Mwaka 2024 lilirudi karibu na alama hiyo, likaingia majumbani Kalemie, Uvira na Bujumbura. Mwingine atasema: ikiwa limepanda na kushuka siku zote, hofu ya nini? Jibu liko kwa watu, si kwa maji. Mvuvi wa zamani alihamisha kibanda chake. Bandari, reli na mitaa havihamishiki. Na bahari inayopashwa joto leo na gesi za viwanda na magari inaweza kuzidisha mvua kubwa kama hizo.

Kwa hiyo mjenzi wa Kalemie asipime kwa ufuo anaouona leo. Alama ya 1964 inajulikana, na ile ya 1878 iko juu zaidi kwa mita kadhaa. Aliyejenga chini ya alama ya 1964 amejenga ndani ya ziwa.