Pete Postlethwaite

Peter William Postlethwaite (7 Februari 1946 – 2 Januari 2011) alikuwa mwigizaji wa jukwaani na wa filamu kutoka Uingereza. Alizaliwa Warrington, mji wa viwanda ulio kati ya Liverpool na Manchester, katika familia ya Kikatoliki ya watu wa kazi. Ujanani aliwaza kuwa padri, akaishia ualimu, na baadaye ndipo akajiunga na chuo cha uigizaji cha Bristol Old Vic.

Miaka ya 1970 ilimkuta Liverpool, katika ukumbi wa Everyman, pamoja na Jonathan Pryce, Bill Nighy, Julie Walters na Antony Sher. Vijana hao walipeleka maigizo hadi kwenye baa, mbele ya walevi wasiokuwa na muda wa kumsikiliza asiyejua kazi yake. Baadaye aliigiza pia na kampuni ya Royal Shakespeare.

Filamu iliyoonyesha uwezo wake wote ni *Distant Voices, Still Lives* (1988) ya Terence Davies. Humo yeye ni baba mkali wa nyumba moja ya Liverpool. Mkesha wa Krismasi anawatazama kwa huruma wanawe waliolala. Siku ya sikukuu yenyewe anavuta kitambaa cha meza na kumwaga chakula chote sakafuni. Postlethwaite hakumtetea mtu huyo wala hakumfanya zimwi, na ndiyo maana anatisha.

Katika *In the Name of the Father* (1993) alikuwa Giuseppe Conlon, Mwairishi aliyefungwa bila hatia baada ya mabomu ya Guildford ya 1974, akafia kifungoni. Mbele ya mwana anayefoka, aliyeigizwa na Daniel Day-Lewis, yeye hapandishi sauti, na macho ya mtazamaji hubaki kwake. Aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi. Tuzo ilikwenda kwa Tommy Lee Jones.

Zilifuata *The Usual Suspects* (1995) na *Brassed Off* (1996), ambamo ni kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya wachimba makaa ya mawe ambao mgodi wao unafungwa. Mwaka 1997 Steven Spielberg alimtumia katika filamu mbili, akamsifu kuwa mwigizaji bora kuliko wote duniani.

Wasomaji wa Afrika Mashariki watamkumbuka kwa *The Constant Gardener* (2005), iliyopigwa kwa sehemu kubwa nchini Kenya, ikiwemo Kibera na Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Yeye ni Lorbeer, mtaalamu wa dawa anayetafunwa na dhamiri.

Mwaka 2008, akiwa na miaka 62, alirudi Everyman kuigiza King Lear. Mwaka uliofuata, wakati wa uzinduzi wa *The Age of Stupid*, filamu ya mabadiliko ya tabianchi, alitangaza kwamba angerudisha nishani yake ya OBE iwapo serikali ingeruhusu kituo kipya cha umeme wa makaa ya mawe cha Kingsnorth.

Alifariki kwa saratani huko Shropshire. Wiki chache baadaye jina lake lilitajwa miongoni mwa wawania tuzo ya BAFTA, kwa kazi yake katika *The Town* (2010).