Mivukuto ya Wahunzi wa Buhaya

Tulipokuwa watoto tuliokota mavi ya chuma kwenye migomba, tukajazia mashimo ya njia ya kisimani. Pamoja nayo tulikuta vipande vya mabomba ya udongo, ncha zake zimeungua na kuyeyuka kama nta. Tulivipiga mawe kwa kushindana shabaha.

Wengi tunajua mvukuto wa mhunzi wa majembe. Wa kuyeyushia mawe ya chuma ulikuwa kazi nyingine. Mwaka 1976 mtafiti Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya wairudie kazi hiyo, iliyokuwa imeachwa kwa takriban nusu karne baada ya chuma cha bei nafuu kutoka Ulaya kujaa madukani. Wazee walichimba shimo, wakalipaka udongo wa kichuguu, wakachoma matete ndani yake, kisha wakainua ukuta wa tanuri juu yake. Mabomba manane yaliingizwa kuzunguka tanuri, kila moja na mvukuto wake wa ngozi ya mbuzi. Upepo haukutakiwa kukatika, kwa hiyo wavukutaji walipokezana.

Sasa angalia bomba lenyewe. Halikuishia ukutani, liliingia ndani kabisa, likalala kwenye makaa ya moto. Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika mwaka 1978 katika jarida la Science kwamba upepo ulipata moto ukiwa bado ndani ya bomba, kabla ya kuyafikia makaa. Mabaki ya matanuri ya namna hiyo huko Kemondo yana umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Huko Uingereza, James Beaumont Neilson alipata hataza ya kupasha moto upepo wa tanuri mwaka 1828.

Si wote waliokubali. J. E. Rehder aliipinga hoja hiyo mwaka 1986, akisema bomba la udongo haliwezi kupasha upepo kiasi hicho. Mimi ni mhasibu, ugomvi wa matanuri siuwezi. Ila ninajua hesabu ya makaa: upepo ukiingia wa moto, magunia yanapungua, na miti iliyokatwa ilikuwa yetu.

Wazee wale wa 1976 sidhani kama yupo aliyebaki. Yaliyobaki yako ardhini, na kila likizo ya Desemba tunachimba misingi ya nyumba. Ukikuta bomba la namna hiyo, usilipige sururu. Liache lilipo, lipige picha, umwarifu katibu wa chama.