Samaki wa mdogo wangu, na baba na mtoto wa ukoo wa Warington

Wapromo, leo siandiki juu ya mihogo. Wale walionizoea hapa wanajua mimi ni mtu wa udongo: memwari yangu ya lisansi ilikuwa juu ya mbolea ya majani mabichi, na kila nikishika kalamu narudi palepale. Lakini mwezi wa tatu samaki mmoja alikufa nyumbani kwetu, hapa Kindu, komini ya Kasuku, na aliyemuua ni mimi.

Ilikuwa hivi. Mama mdogo alirudi kutoka Kinshasa na ndege, akaleta samaki wawili wekundu ndani ya sashe ya plastiki, zawadi kwa mdogo wangu wa miaka kumi na moja aliyefaulu vizuri shuleni. Ni wale Wafaransa wanaita samaki wekundu, na wengine wanawaita samaki wa dhahabu. Nyumba nzima ilicheka. Hapa Wagenya wanafika na pirogi kila asubuhi kuuza samaki wa kula, na sisi tunafuga wa kuangalia tu! Papa aliuliza kama watapikwa na pondu ao na wali. Tukawaweka ndani ya bokali kubwa ya kioo, lita kumi na tano hivi, na mawe madogo ya Lualaba chini yake.

Wiki ya pili maji yakawa na ukungu. Mimi, agronome wa nyumba, nikashika mambo mkononi. Nilimwaga maji yote, nikasugua kioo, nikachemsha yale mawe kwenye sufuria na kuyaanika juani, kisha nikajaza maji mapya. Bokali iling'aa kama ya dukani. Siku tatu baadaye samaki walikuwa juu kabisa ya maji, midomo wazi, mapezi yamekunjwa, na mkia wa yule mdogo ulikuwa na mistari myekundu kama damu. Jirani mmoja alishauri tufungue kapsili ya antibiotiki tumwage ndani. Nilikataa, na hapo tu ndipo nilifanya vizuri. Nikarudia kazi yangu: kumwaga yote, kusugua, kuchemsha. Asubuhi yule mdogo alikuwa anaelea ubavu.

Mdogo wangu hakulia mbele yangu. Aliniuliza tu: "Yaya, kumbe ku univ walikufundisha nini?"

Swali hilo njo limezaa hii makala. Kwa sababu, wapromo, walinifundisha! Na wewe pia, kama ulipita kwenye somo la udongo. Kitu kinachooza kinatoa amonia, bakteria wa kwanza wanaigeuza nitriti, bakteria wa pili wanageuza nitriti kuwa nitrati, na mmea unakula nitrati. Tuliandika mshale kwa mshale kwenye mtihani. Nilipata alama nzuri. Haikunijia hata siku moja kwamba mishale ile inaweza kukaa juu ya mawe ndani ya bokali, na kwamba nimeipika kwenye sufuria.

Nikaanza kusoma usiku, mega zangu zote ziliishia humo. Na nilikuta kitu ambacho hakuna mwalimu alinisimulia: somo la samaki wa kioo na somo letu la udongo vimepita ndani ya nyumba moja.

Samaki mwekundu mwenyewe ni wa China. Kwa asili yake hana wekundu, ni samaki wa rangi ya matope. Wachina ndio waliochagua wale wenye rangi, wakawazalisha kwenye mabwawa, hasa tangu enzi ya Song, iliyoanza mwaka 960. Ulaya alifika katika karne ya 17. Huko akawekwa kwenye bakuli za kioo kama pambo la meza, na aliyekufa alibadilishwa na mwingine.

Sasa London, 1849. Kulikuwa na mkemia aliyeitwa Robert Warington, mtu wa kazi ya dawa, mmoja wa waanzilishi wa Chama cha Kemia cha huko. Alichukua chombo cha kioo cha galoni 12, karibu lita 55, akaweka samaki wekundu wawili na mmea wa majini unaoitwa valisineria. Wazo lake lilikuwa la kikemia kabisa: samaki anatoa hewa chafu, mmea unaichukua na kumrudishia oksijeni, basi maji yasihitaji kubadilishwa. Mwanzo ilikwenda. Baadaye majani ya zamani ya mmea yakaanza kuoza, maji yakachafuka. Warington hakumwaga maji. (Hapa nilifunga simu kidogo, kwa haya.) Aliongeza konokono wa majini wanaokula majani yaliyooza, na maji yakarudi kuwa safi. Mwaka 1850 aliandika habari hiyo kwa wenzake wakemia, na miaka michache baadaye Waingereza wengi walikuwa na sanduku la samaki sebuleni.

Jibu lake lilikuwa sahihi, ila nusu ya sababu hakuiona. Alihesabu hewa tu. Samaki anatoa pia amonia, na anaitoa zaidi kwa mashavu yake, kila dakika, hata kama hakula. Amonia hiyo ilikuwa inaliwa na nani ndani ya chombo cha Warington? Sehemu na mmea, ndiyo. Na sehemu na viumbe ambavyo mwaka 1850 havikuwa na jina.

Warington alikuwa na mtoto wa kiume, naye Robert, aliyezaliwa 1838. Baba alipoweka samaki ndani ya kioo, mtoto alikuwa na miaka kumi na kitu, sawa na mdogo wangu. Alijifunza kemia kwenye maabara ya baba yake. Alipokuwa mtu mzima alikwenda kufanya kazi Rothamsted, kile kituo cha utafiti wa kilimo ambacho kila mwanafunzi wa agronomia amekisikia, na akashika swali la nitrati: inatoka wapi ndani ya shamba?

Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walikuwa wametoa jibu ambalo lilinifanya nikae kitako kitandani. Walijaza mchanga na unga wa chokaa ndani ya bomba la kioo la mita moja, wakapitisha maji machafu ya mji, polepole sana. Siku za kwanza amonia iliingia juu na ikatoka chini amonia ileile. Hakuna kitu kilichobadilika. Baada ya siku 20 hivi nitrati ikaanza kutokea, na baadaye amonia ikapotea kabisa. Wakatia mvuke wa klorofomu, dawa ya kulaza vitu vyenye uhai: kazi ikasimama. Wakaondoa klorofomu, wakaongeza maji kidogo yaliyosafisha udongo wa shamba: kazi ikarudi. Basi haikuwa kemia ya mchanga, kulikuwa na mtu ndani ya nyumba.

Siku ishirini. Mimi niliwapa samaki wa mdogo wangu siku tatu.

Warington mtoto alithibitisha jambo hilo, na kwa miaka zaidi ya kumi akaonyesha kwamba kazi ina hatua mbili, na kila hatua ina wafanyakazi wake. Lakini kuwakamata alishindwa. Alitumia gelatini kama wanasayansi wengi wa wakati ule, na bakteria hawa hawapendi kuota humo. Aliyefaulu ni Mrusi, Winogradsky, akiwa Zürich mwaka 1890: aliwanyima chakula cha kuoza chote, akawaachia amonia na madini tu, na ni hao peke yao waliobaki hai. Nasikia kidogo huruma kwa Warington. Alikuwa mlangoni miaka yote ile, na funguo akapewa mwingine.

Kwa mwenye samaki mgonjwa, sehemu kubwa ya maana iko katika ule upole wa bakteria hawa. Bakteria wa kuhara anaweza kujigawa kila dakika 20. Hawa wa amonia wanahitaji kama siku nzima, mara nyingi zaidi. Hawaogelei sana ndani ya maji, wanashika kwenye mawe, mchanga na kioo, kama utelezi ambao ukipitisha kidole unaona ni uchafu. Nilipochemsha mawe niliua kijiji kizima, na kila nilipojaza maji mapya samaki walibaki na mkojo wao wenyewe bila mtu wa kuuondoa. Tena Kindu kuna joto. Maji ya digrii 20 yanabeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, ya digrii 30 yanabeba 7 na nusu. Na kadiri maji yanavyopata joto, sehemu kubwa zaidi ya amonia inakuwa sumu. Samaki huyu ni wa maji ya baridi. Mashavu yakiungua na amonia, au damu ikiharibiwa na nitriti, atapanda juu kutafuta hewa hata kama hewa ipo.

Basi kwa yule aliyebaki nilifanya kinyume cha yote. Hakula siku tatu, juu ya chakula kisicholiwa ni amonia ya kesho, na samaki wa ukoo huu hana tumbo la kuweka akiba: hata akiwa mzima anapewa kidogo kidogo. Kila asubuhi niliondoa robo ya maji, siyo zaidi, na kuweka maji yaliyolala usiku kucha ndani ya beseni wazi, yenye joto lilelile. Nilitia chumvi ya jikoni, gramu moja kwa kila lita, juu ya chumvi inazuia nitriti kuingia kwa wingi kwenye damu. Maji niliyoondoa tu ndiyo yalirudishiwa chumvi yake, maana chumvi haipotei hewani. Pompi ya hewa hatuna, na umeme munaujua. Mdogo wangu alichota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, kikombe hamsini asubuhi na hamsini jioni, akihesabu kwa sauti. Mawe yaliyopikwa tuliyaacha humo. Juu yake tuliongeza mawe machache ya utelezi kutoka bwawa la tilapia la rafiki mmoja ng'ambo ya mto, Alunguli. Ni hatari, unaweza kuleta ugonjwa wa huko. Nilichagua hatari hiyo nikiijua. Hatukuwa na vipimo vya amonia. Tulikuwa na daftari la mdogo wangu: "Siku ya 6, iko juu. Siku ya 9, iko katikati. Siku ya 14, imekula."

Siku ya 22 aliandika: "Inafukuza kidole yangu."

Niliposimulia hayo kwa simu, babu alicheka sana. Yeye yuko upande wa Kalima. Akiwa kijana, miaka ya 1950, moniteri wa kilimo alipita kijijini na kusema chimbeni mashimo ya samaki. Ilikuwa nchi nzima. Majaribio ya tilapia yalianza Katanga kabla ya vita, mwaka 1949 Elisabethville ilipokea mkutano wa Wabelgiji na Waingereza juu ya ufugaji wa samaki, na kabla ya uhuru Kongo ilikuwa na mabwawa zaidi ya 100,000. Nia kubwa ilikuwa nyama ya bei ndogo kwa vijiji na kwa wafanyakazi, na upande wa babu wafanyakazi maana yake ni migodi ya bati.

"Sisi maji meupe tuliogopa," babu alisema. "Maji meupe haina chakula. Uliona kijani, ulijua samaki watanenepa." Walizungushia miti kwenye pembe ya bwawa, wakajaza humo majani na mavi ya mbuzi, yaoze ndani ya maji. Amonia ileile iliyoua samaki wangu, kwao ilikuwa mbolea: vimelea vya kijani viliila, tilapia walikula vijani. Bwawa lina jua, udongo na nafasi. Bokali yangu haikuwa na kimoja.

Nilimuuliza bwawa liliishia wapi. Alisema tilapia walizaa mpaka wakajaa, wote wadogo kama kidole, na aliyejua namna ya kupunguza na kuleta mbegu mpya hakurudi tena baada ya 1960. Hilo lilitokea sehemu nyingi, mabwawa kwa maelfu yaliachwa. Mimi nasema waziwazi: ripoti zilihesabu mashimo. Elimu ya kuyatunza ilibaki kichwani mwa moniteri, na moniteri akaondoka nayo. Miaka ya 1970 na 1980 Wamarekani wa kujitolea walijaribu tena na wakulima wa Zaire, safari hii na tilapia wa Nile, mpaka uporaji wa Septemba 1991 ukawaondoa.

Wakati wa likizo nilimpeleka mdogo wangu kwa babu, siku nzima ya matope juu ya pikipiki. Bwawa limebaki bonde dogo, pembeni kuna michikichi, katikati maji ya kufika magotini. Babu alitaka kutuonyesha kijiti cha ile pembe ya mbolea, hakukipata. Mdogo wangu aliinama, akachota maji kwa kikombe alichokuja nacho kutoka nyumbani, akainua juani na kuangalia.

"Yaya," alisema, "hii bado iko kijani. Tunaweza kubeba kidogo?"