Mtoto Umleavyo: Dini ya Nyumbani na Maneno ya Kiongozi

  Someni polepole, na mahali penye shida rudieni.

Leo tutazungumza habari za malezi na maneno. Wazee walisema, Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Je, kiongozi anaposimama mbele ya watu, twasikia maneno yake mwenyewe, au twasikia nyumba aliyolelewa? Ili kulipima jambo hili tutakwenda Marekani, kwa watu wa kanisa moja waitwao Wamormoni. Mmoja wao, Mitt Romney, alishindana na Barack Obama mwaka 2012 kugombea urais. Obama twamfahamu, baba yake alikuwa Mjaluo wa Kenya. Leo tumtazame yule aliyeshindwa.

Kwanza tujue hao Wamormoni ni watu gani. Jina rasmi la kanisa lao ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York mwaka 1830. Majirani waliwachukia upesi. Mwaka 1838 gavana wa jimbo la Missouri alitoa amri kwamba Wamormoni wafukuzwe au waangamizwe, na amri hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1976. Mwaka 1844 Joseph Smith mwenyewe alikuwa akigombea urais wa Marekani. Mwaka huo huo kundi la watu wenye silaha lilivamia gereza alimofungwa katika mji wa Carthage, likamwua pamoja na ndugu yake. Mwaka 1847 Brigham Young aliwaongoza wafuasi wa kanisa hilo mpaka bonde la Salt Lake, mahali ambapo leo ni jimbo la Utah.

Jambo lililozidisha chuki ni ndoa ya wake wengi. Kanisa lilitangaza kuiacha mwaka 1890, lakini shaka ya watu haikwisha. Reed Smoot alipochaguliwa mwaka 1903 kuingia Seneti, yaani baraza la juu la Bunge la Marekani, wenzake walimchunguza kwa muda wa miaka kama mitatu. Yeye alikuwa na mke mmoja tu. Hata hivyo waliuliza: je, mtu huyu atalitii taifa, au atawatii wakuu wa kanisa lake? Mwaka 1907 walikubali abaki. Lakini swali lile halikufa. Mmormoni yeyote aliyetaka cheo kikubwa alijua kwamba ataulizwa.

Sasa tutazame malezi. Katika makanisa mengi kuna mchungaji mmoja mwenye mshahara, naye ndiye anenaye kila Jumapili. Kwa Wamormoni sivyo. Mtaani kwao hakuna mhubiri wa mshahara. Waumini wa kawaida huambiwa mapema: Jumapili fulani wewe utasema. Leo fundi seremala, kesho mama wa nyumbani, kesho kutwa kijana wa shule. Hata watoto wadogo hupewa zamu ya kusema maneno machache mbele ya watoto wenzao. Tena, kwa desturi, mara moja kwa mwezi kuna ibada ya ushuhuda. Mtu husimama bila karatasi, akasema kile ambacho moyo wake unakijua kuwa kweli. Wengine hulia, wala si aibu.

Zaidi ya hayo, vijana wengi hutumwa kuhubiri mbali na kwao. Mitt Romney, aliyezaliwa mwaka 1947 huko Detroit, alipelekwa Ufaransa mwaka 1966, akakaa miezi 30. Kazi yake ilikuwa kubisha hodi nyumba kwa nyumba, akihubiri kwa Kifaransa. Kumbukeni kwamba Mmormoni hanywi divai, wala kahawa, wala chai. Na yeye alikuwa katika nchi ya divai. Milango mingi ilifungwa usoni pake. Kijana akizoea hayo, hujifunza mambo mawili: kutoogopa kukataliwa, na kuchagua maneno yasiyomkasirisha mwenye nyumba.

Baadaye Romney alikuwa askofu karibu na Boston. Askofu kwao ni mtu mwenye kazi yake ya kawaida, ambaye huongoza waumini wa mtaa bila malipo. Watu humletea siri zao, za ndoa, za madeni na za maradhi. Basi pamoja na kujifunza kusema, alijifunza kunyamaza. Shikeni sana neno hili, maana ndilo linalofungua habari zote zinazofuata.

Lakini kabla ya kumfuata Mitt, tumtazame baba yake, George Romney. Alizaliwa mwaka 1907 nchini Meksiko, katika kijiji cha Wamormoni waliohamia huko, nao wakakimbia vita mwaka 1912. Akawa gavana wa Michigan. Alikuwa mtu wa kusema wazi. Mwezi wa Januari 1964 mkuu mmoja wa kanisa lake alimwandikia barua kumwonya asiendelee kuwapigania watu weusi. Wakati huo kanisa lao halikuwapa wanaume weusi ukuhani. Jambo hilo liliondolewa mwaka 1978. George hakugeuka, aliendelea kutetea haki za watu weusi. Hapa twaona kwamba malezi ya kusema kile mtu anachokijua kuwa kweli yaweza kumfanya awapinge hata wakubwa wa dini yake.

Lakini kusema wazi kuna gharama. Mwaka 1967, akiwa anatajwa kugombea urais, George alisema katika televisheni kwamba alipotembelea Vietnam majenerali walikuwa wameiosha akili yake. Yaani, walimdanganya mpaka akaiunga mkono vita. Magazeti yalimcheka, na mwezi wa Februari 1968 akajitoa. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mwanawe alikuwa bado Ufaransa, na waandishi wengi wamesema kwamba kuanguka kwa baba kulimfundisha mwana kupima kila neno.

Na kweli, Mitt alipima. Mwezi wa Desemba 2007, akigombea urais kwa mara ya kwanza, alitoa hotuba huko Texas juu ya dini yake. Alisema hataiacha imani ya baba zake, wala wakuu wa kanisa hawatamwamuru akiwa Rais. Ni lile swali la Smoot, miaka 100 baadaye. Lakini katika hotuba nzima alilitaja neno Mormoni mara moja tu.

Mwaka 2012 chama cha Republican kilimteua. Watu wengi walisema ni mtu mkavu, kama sanamu. Hatukani, hata akikasirika hutumia maneno laini ya zamani. Katika mkutano mkuu wa chama, mume na mke wazee wa kanisa lake walisimama wakaeleza habari za mtoto wao. Alikuwa na miaka 14, mgonjwa wa kufa. Alijua kwamba Romney amesoma sheria, akamwomba amwandikie wosia. Romney alikuja na karatasi, wakaandika pamoja nani apewe vitu vya mtoto yule. Mtoto alipokufa, Romney alisema maneno ya kumwaga mazishini, kama alivyoombwa.

Tujiulize, kwa nini habari kama hiyo isikike mwishoni kabisa, tena kwa vinywa vya wengine? Nadhani ni kwa sababu askofu hatangazi aliyoyatenda katika nyumba za wafiwa. Ni tabia njema. Lakini mpiga kura asiyejua lolote huona ukavu tu.

Msidhani, hata hivyo, kwamba malezi ni kinga. Mwaka huo huo Romney alisema mbele ya matajiri, katika mkutano wa faragha, kwamba asilimia 47 ya watu hutegemea serikali na hawatampa kura. Maneno yale yalirekodiwa kwa siri, yakatangazwa. Baadaye alikiri kwamba alikosea kabisa. Hapo hakusema askofu, alisema tajiri mwenye biashara kubwa. Mtu mmoja ana malezi mengi. Romney akashindwa, na Obama akarudi kwenye kiti.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Mwaka 2019 Romney aliingia Seneti, akiwakilisha Utah. Tarehe 5 Februari 2020, Rais Donald Trump alipohukumiwa na Seneti, Romney alisimama. Alisema kwamba yeye ni mtu wa dini sana, na kwamba kiapo mbele ya Mungu ni jambo zito kwake. Sauti yake ilikwama. Kisha akasema kwamba katika shtaka la kwanza Rais ana hatia. Hakuna seneta kabla yake aliyepiga kura ya kumtia hatiani Rais wa chama chake mwenyewe. Rais hakuondolewa, na wengi wa chama walimchukia Romney. Lakini waliolelewa katika kanisa lake wangeitambua sauti ile. Ilikuwa sauti ya ibada ya ushuhuda, mtu akisema kile anachokijua.

Basi, je, methali yetu ni kweli yote? Mtazameni Mormoni mwingine, Morris Udall wa Arizona. Alipata malezi ya kanisa lile lile, lakini aliachana nalo, hasa kwa jinsi lilivyowatendea watu weusi. Aligombea urais mwaka 1976 kwa chama cha Democratic, na sifa yake kubwa ilikuwa mizaha. Nyumba za namna moja zilimtoa mnyamavu na mcheshi.

Kwa hivyo mimi nasema hivi. Malezi humpa mtu vyombo vya kusemea. Hayamchagulii la kusema. Ukimsikia kiongozi, usiulize dini yake ili umkubali au umkatae, kama walivyomfanyia Smoot. Uliza alifundishwa kusema namna gani, na kunyamaza wapi. Kisha msubiri siku ambayo neno la kweli litamgharimu.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini Smoot alichunguzwa, ingawa alikuwa na mke mmoja?
2. Romney alijifunza nini Ufaransa, na alijifunza nini alipokuwa askofu?
3. Wewe ulifundishwa wapi kusema mbele za watu: msikitini, kanisani, barazani, au ngomani? Kila mmoja asimame aeleze, bila karatasi.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.