Herufi za Kusomwa kwa Mbali

Kanga ina pindo, mji na jina. Dukani Mtambile, kama kwengineko Pemba, wengi husoma jina kwanza, ndipo watazame rangi. Zamani majina hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, zile zile mtu alizojifunza chuoni. Baadaye zikashika herufi za Kirumi: kubwa, nene, zinazosomeka na aliye upande wa pili wa barabara.

Herufi za kusomwa kwa mbali zina historia yake. Ulaya, kwa muda mrefu, wapiga chapa walitengeneza zaidi herufi za kitabu. Viwanda vilipozidi, bidhaa zikahitaji kujinadi ukutani. Karibu na mwaka 1815 Vincent Figgins wa London alitoa herufi zenye miguu minene ya mraba. Herufi za namna hiyo zikaja kuitwa "za Kimisri", kwa kuwa Waingereza wakati ule walipenda mno mambo ya Misri. Hakuna Mmisri aliyezichora. Kwa ukubwa wa bango, herufi za risasi zilikuwa nzito na ghali, basi mwaka 1827 Darius Wells wa New York akabuni mashine ya kuchonga za mbao. Zikajaa kwenye matangazo ya sarakasi, minada na wahalifu wanaosakwa. Sinema zikamalizia kazi: leo dunia nzima inaziita za kauboi.

Afrika nayo ikapachikwa zake. Mwaka 1923 Mjerumani Rudolf Koch, Mlutheri mcha Mungu, alitoa Neuland, herufi alizozichonga kwenye chuma bila kuchora kwanza. Wachapishaji wa Ulaya na Marekani wakaona ukali wake, wakaziweka kwenye majalada ya vitabu kuhusu Afrika, kwenye hadithi za msituni, hata kwenye nembo ya filamu ya Jurassic Park ya 1993.

Kwa hiyo kijana wa Mtambile anayefungua kampuni ya kutembeza wageni, akitafuta fonti ya "Kiafrika" kwenye kompyuta, huenda akaletewa kazi ya Mjerumani. Mgeni ataona msitu na dinosaria kabla ya kuona karafuu.

Herufi za kauboi hazina kosa. Zinafaa pale maneno ni mawili matatu na msomaji anapita: bango la mechi, mnada, jina la mgahawa. Aya nzima usiiandike nazo, zitamchosha msomaji. Neuland inataka tahadhari zaidi, maana inamsemea mtu kabla hajafungua mdomo.

Herufi za kanga nazo ni ngeni, na kanga zenyewe zimechapwa Uholanzi, Japani na India. Lakini hazikujifanya za Kiafrika. Zilibeba maneno ya watu wa pwani, wakayavaa, wakajibizana kwayo. Mwenye kampuni angeanzia hapo: jina lake mwenyewe, kwa Kiswahili, herufi kubwa zisizo na pambo.